Dini, Askari na Miti ya Arua na Koboko

Askari hufundishwa tangu siku za kwanza za mafunzo kwamba anayeijua ardhi ndiye anayeweza kuilinda. Hujifunza kuusoma mlima, mto, kichaka na njia. Lakini ni nadra kuulizwa swali lililo nyuma ya somo hilo: mlima ukibaki kipara, mto ukikauka na kichaka kikigeuka mkaa, kitabaki kitu gani cha kulindwa? Swali hili ndilo linalowakusanya mashehe, mapadri, wachungaji na wazee wa Arua na Koboko, watu ambao huko nyuma kila mmoja alisema na waumini wake peke yake. Nalo ni swali linalowahusu maofisa na askari wa jeshi na polisi kuliko wengi wao wanavyodhani.

Eneo la West Nile liko katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, ng'ambo ya Mto Nile. Kutoka Vurra, mpakani na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, barabara yenye urefu wa kilomita 92 hupita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Arua, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, ndiyo soko kuu la eneo zima. Koboko, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2005, iko pale nchi tatu zinapokutana. Walugbara wako Uganda na Kongo. Wakakwa wako Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Mipaka iliyochorwa na wakoloni haikuwatenga watu hawa kwa undugu, wala kwa dini, wala kwa kuni wanazopikia.

Ili kuelewa kwa nini viongozi wa dini wameingia katika jambo hili, yafaa kwanza kujua miti inakwenda wapi. Wako wanaodhani kwamba msitu hupotea siku moja, kwa mkono wa mtu mmoja mbaya. Mambo hayako hivyo. Miti ya Arua na Koboko inakwenda kidogo kidogo kwa njia nyingi, na kila njia ina sababu yake.

Njia ya kwanza ni kuni. Sehemu kubwa kabisa ya kaya za Uganda hupika kwa kuni au kwa mkaa. Chakula cha watoto wa shule, cha wagonjwa hospitalini, cha mahabusu na cha askari kambini chote hupita juu ya moto wa miti. Njia ya pili ni tofali. Anayejenga nyumba ya kudumu huchoma matofali ya udongo, na tanuri moja ya matofali humeza magogo mengi kwa siku chache. Njia ya tatu ni tumbaku. Kwa miongo mingi tumbaku ilikuwa zao kuu la fedha la West Nile, na majani ya tumbaku yanayokaushwa kwa moshi wa tanuri huhitaji kuni kila msimu. Njia ya nne ni mbao na magogo, ya hapa na yale yanayovushwa kutoka nchi jirani. Njia ya tano, ambayo ndiyo yenye fedha za haraka zaidi, ni mkaa.

Hesabu ya mkaa inafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu gunia huficha ukweli. Mchomaji hukata magogo, huyapanga, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyaacha yaungue polepole kwa hewa kidogo. Katika tanuri ya kienyeji ya namna hiyo sehemu kubwa ya mti hupotea kwa moshi na mvuke. Kwa kawaida tani moja ya mkaa hutokana na tani 5 hadi 10 za miti. Basi lori lililobeba tani 10 za mkaa, likisimama mbele ya kizuizi cha polisi, kwa hesabu limebeba tani 50 hadi 100 za miti. Anayeliona lori hilo huona magunia. Wanakijiji walikotoka magunia hayo huona mahali palipokuwa na kivuli.

Tena si kila mti ni sawa na mwingine. Wachomaji hupenda miti migumu, kwa sababu mkaa wake hudumu motoni. Miongoni mwa miti hiyo umo mti wa shea, ambao kina mama huokota kokwa zake na kukamua mafuta ya kula, ya kupaka na ya kuuza. Mti huu huchukua miaka 15 hadi 20 kabla haujazaa vyema, nao waweza kuishi zaidi ya miaka 200. Anayeukata leo ameukata urithi wa bibi yake na wa mjukuu wake kwa pigo moja. Umo pia mti wa mbao ngumu ambao wataalamu huuita Afzelia africana na wafanyabiashara huuita beyo. Mti huo umetafutwa sana na wanunuzi wa nje, hata mwaka 2022 mataifa yaliyokutana Panama yakauweka chini ya mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini.

Hali ya nchi nzima inaonyesha jambo hilo hilo. Mwaka 1990 misitu ilifunika kama asilimia 24 ya ardhi ya Uganda. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 9. Takwimu za serikali zilizofuata zilionyesha nafuu, zaidi ya asilimia 12 mwaka 2017, lakini nafuu hiyo bado iko mbali na hali ya mwaka 1990. Kwa mji kama Arua, ambao maji yake ya bomba yametegemea mto Enyau, habari hii si ya vitabuni. Mto hutegemea chemchemi na ardhi inayofyonza mvua. Kilima kikiwa uchi, mvua hukimbia juu ya ardhi, hubeba udongo, hujaza tope mtoni, na wakati wa kiangazi mto hubaki kamba nyembamba.

Wako wanaosema kwa wepesi kwamba wakimbizi ndio walioimaliza miti. Neno hili halina budi kupimwa kwa haki. Ni kweli kwamba vita vya Sudan Kusini vilileta watu wengi kwa muda mfupi sana. Makazi ya Bidibidi, yaliyoko wilaya ya Yumbe jirani na Koboko, yalifunguliwa mwezi Agosti 2016, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa yamepokea watu zaidi ya 250,000. Rhino Camp na Imvepi, ambayo wakati huo yalikuwa katika wilaya ya Arua, nayo yalipokea maelfu kwa maelfu. Lobule, wilayani Koboko, ina wakimbizi waliotoka Kongo. Watu wote hao walihitaji nguzo za kujengea na kuni za kupikia, na miti ya karibu ilikatwa.

Lakini mkimbizi hana lori. Mkaa unaosafiri karibu kilomita 500 hadi Kampala haupakiwi na mwanamke aliyefika juzi na mtoto mgongoni. Zaidi ya hayo, watu wa West Nile wanajua ukimbizi kwa miili yao. Baada ya serikali ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, na mapigano yaliyofuata mwaka 1980, watu wengi wa eneo hili walikimbilia Sudan na Zaire. Huko nao walijenga na kupika kwa miti ya ardhi ya watu wengine, na wenyeji wao wakawavumilia. Wazee wa Koboko waliokulia ukimbizini hawahitaji kufundishwa jambo hilo na mtu yeyote.

Hata hivyo uvumilivu una mwisho wake, na hapa ndipo mazingira yanapogeuka suala la usalama. Mwezi Septemba 2020, katika makazi ya Rhino Camp, wilaya ya Madi-Okollo, ugomvi ulioanzia mahali pa kuteka maji uligeuka mashambulizi, na wakimbizi 10 wakauawa. Vyombo vya usalama vilipoitwa, maiti zilikuwa zimekwisha kulala chini. Askari aliyetumwa kutuliza ghasia hizo alikuwa akiyashughulikia matokeo ya mwisho ya jambo lililoanza zamani: watu wengi, maji machache, kuni za mbali, na kinyongo kilichokosa mahali pa kusemwa.

Je, sheria ziko wapi? Sheria zipo, tena ni nzuri. Katiba ya mwaka 1995, katika Ibara ya 237, inaiweka mito, maziwa, ardhi oevu na misitu ya hifadhi chini ya dhamana ya serikali kwa faida ya wananchi wote. Ibara ya 17 inamtaka kila raia ayatunze mazingira. Iko Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003, na iko Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019. Mwezi Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa katika maeneo ya kaskazini mwa nchi. Basi upungufu wa maneno katika karatasi haupo.

Tatizo ni kwamba sheria haina miguu ya kusimama kando ya kila mti. Hata polisi wangeongezwa mara kumi, wasingeweza kulinda kila kilima kutoka Vurra hadi Oraba usiku na mchana. Tena mpaka ni mrefu na njia za miguu ni nyingi. Mti uliokatwa upande mmoja huweza kuwa mkaa upande wa pili kabla ya jua kuchwa. Palipo na hali kama hiyo, ulinzi wa kweli hauna budi kuanzia ndani ya mtu mwenyewe, mahali ambapo doria haifiki.

Hapo ndipo dini zinapoingia. Katika West Nile hakuna chombo chochote kinachokusanya watu wengi zaidi, mara kwa mara zaidi, kuliko msikiti na kanisa. Siku ya Ijumaa watu husikiliza hutuba. Siku ya Jumapili husikiliza mahubiri. Wasabato hukutana Jumamosi. Mkimbizi na mwenyeji hupanga safu moja katika swala, na huimba wimbo mmoja katika ibada. Mkakwa wa Koboko na Mkakwa wa ng'ambo ya mpaka husoma kitabu kimoja. Neno likisemwa vizuri mahali hapo, hufika jikoni jioni ile ile.

Dini hizi zina mizizi mirefu hapa. Uislamu ulitiwa nguvu na Wanubi, wazao wa askari wa Emin Pasha waliobaki katika nchi hizi mwishoni mwa karne ya 19, na ambao historia yao ni sehemu ya historia ya jeshi la Uganda. Wamisionari wa Kikatoliki wa Comboni na wale wa African Inland Mission walifika mwanzoni mwa karne ya 20. Jimbo Katoliki la Arua liliundwa mwaka 1958, na dayosisi ya Kianglikana ya Madi na West Nile mwaka 1969. Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda lilianzishwa mwaka 1972. Mwaka 2001 likaundwa Baraza la Dini Mbalimbali la Uganda, likawapa viongozi wa dini meza moja ya kukalia. Chini ya vyombo hivyo ziko shule, zahanati, mashamba na viwanja. Dini, kwa maneno mengine, zina watu na zina ardhi.

Na kabla ya dini hizo kufika, wenyeji walikuwa na desturi zao. Walugbara walikuwa na vichaka vya mvua vilivyotunzwa na wazee wa mvua, ambamo mtu hakukata mti ovyo. Milima ya Liru na Wati hutajwa katika masimulizi yao pamoja na mababu mashujaa, Jaki na Dribidu. Shehe au padri aliye na busara haanzi kwa kuidharau desturi hiyo. Huwaambia watu kwamba babu zao walijua kuacha kitu bila kukigusa, na kwamba ujuzi huo haujapitwa na wakati.

Kwa nini basi lazima dini zifanye kazi pamoja, na kila moja isitunze miti yake peke yake? Sababu ni nyepesi. Katika ukoo mmoja wa Arua au Koboko hupatikana Mwislamu, Mkatoliki na Mwanglikana. Kisima chao ni kimoja. Mti ambao Waislamu wamekubaliana kuuacha, Mkristo mmoja asiyeambiwa aweza kuukata kwa dakika chache, na kinyume chake vile vile. Jambo baya zaidi ni kwamba mti huo ukikatwa, lawama huangukia dini nzima. Viongozi wanaposema neno moja kwa wakati mmoja, mkataji hapati pa kujificha, wala mchochezi hapati pa kuanzia.

Umoja wa namna hii si jambo lililoletwa na upepo wa juzi. Mwaka 1986 viongozi wa dini tano kubwa walikutana Assisi, nchini Italia, wakatoa matamko juu ya wajibu wa waumini kwa viumbe. Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka wake juu ya dunia kuwa nyumba ya wote, na mwaka huo huo wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Istanbul walitoa tamko lao juu ya mabadiliko ya hali ya hewa. Mafundisho yanakaribiana. Biblia inaanza na binadamu aliyewekwa katika bustani ailime na kuitunza. Qurani inamwita binadamu khalifa katika ardhi, maana yake mwenye dhamana. Mwenye dhamana hutoa hesabu ya alichokabidhiwa.

Huenda mtu akauliza kama maneno ya dini yamewahi kulinda kitu chochote kwa vitendo. Mfano mmoja uko mbali na West Nile lakini uko katika Afrika Mashariki hii hii, upande wa bahari. Magharibi ya Pemba, Zanzibar, kuna kisiwa kidogo cha Misali. Wenyeji husimulia kwamba jina lake limetokana na msala, yaani mkeka wa kuswalia, kwa kuwa mtu mtakatifu alikitumia kisiwa chenyewe kuswali alipokosa mkeka. Maji ya Misali yalikuwa yakiharibiwa na uvuvi wa baruti na wa nyavu haramu. Mwaka 1998 kisiwa na maji yake vikafanywa eneo la hifadhi. Lakini bahari, kama mpaka wa Koboko, haiwezi kuzungushiwa askari. Ndipo ikaonekana inafaa mafundisho ya Kiislamu juu ya utunzaji wa viumbe yapelekwe misikitini na madrasa, wavuvi wakafundishwa na watu wanaowaheshimu, kwa lugha wanayoielewa. Wavuvi ambao hawakujali ilani za serikali walisikiliza walipoambiwa kwamba kuvua kwa baruti ni kuharibu amana ya Mungu. Boti za doria hazikuondolewa, ila ziliacha kuwa peke yake.

Katika Arua na Koboko kazi inayofaa kufanywa na dini kwa pamoja inajulikana. Kwanza ni jiko. Moto wa mafiga matatu hupoteza joto pembeni. Jiko lililozibwa vizuri kwa udongo hupunguza kuni kwa kiasi kikubwa, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi zaidi. Shule zilizoanzishwa na makanisa na misikiti hupika kila siku, na zikibadili majiko yake mfano huonekana kwa wazazi wote. Pili ni visiki. Watu husherehekea sana upandaji wa miche, lakini visiki vya miti ya asili huchipua vyenyewe vikiachwa, vikikingwa na mbuzi na moto wa kiangazi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji makubaliano ya kijiji. Tatu ni ardhi ya dini yenyewe. Uwanja wa kanisa au wa msikiti ukiwa mtupu, mahubiri juu ya miti hayana nguvu. Nne ni kupanda mti unaofaa mahali panapofaa: mikaratusi na mitiki kwa ajili ya nguzo na kuni, lakini mbali na chemchemi, maana mikaratusi hunywa maji mengi, na miti ya asili kando ya mito.

Sasa askari anahusikaje? Anahusika kwa njia ambayo huenda hakuitarajia. Vitabu vya dini zote mbili kubwa vina agizo juu ya miti lililotolewa kwa wanajeshi hasa. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 20, jeshi linalouzingira mji linakatazwa kuiangamiza miti ya matunda kwa shoka. Katika historia ya Uislamu, Khalifa wa kwanza, Abu Bakr, alipoyatuma majeshi kwenda Sham katika karne ya 7, aliwausia makamanda wake wasiue wanawake, watoto na wazee, na katika wasia huo huo akawakataza kukata miti izaayo. Maagizo haya mawili yalitolewa vitani, wakati ambapo jeshi lina kila kisingizio. Ikiwa mti wa adui ulipewa heshima hiyo wakati wa vita, sembuse mti wa mwananchi wakati wa amani?

Juu ya hayo, ipo kumbukumbu. Katika eneo hili sare haikuwa daima alama ya usalama. Mwezi Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari. Watu walikuwa wamekwenda pale wakiamini kwamba nyumba ya dini ingewakinga. Miaka mingi ya kazi ilihitajika ili imani irudi, na hatua mojawapo kubwa ilikuwa mkataba wa amani uliotiwa saini Yumbe mwezi Desemba 2002 baina ya serikali na wapiganaji wa UNRF II. Imani ya namna hiyo hujengwa kwa mambo madogo, na hubomolewa kwa mambo madogo vile vile. Lori moja la mkaa likisindikizwa na mtu mwenye sare, kijiji kizima huona, na neno la shehe na la padri juu ya miti hugeuka kichekesho siku hiyo.

Kwa sababu hiyo wajibu wa askari waweza kuelezwa bila kuzunguka. Kizuizini, sheria ianze na mzigo mkubwa. Askari anayemnyang'anya mama kichwa chake cha kuni na kuliacha lori lipite hajailinda miti; amewafundisha watu kwamba sheria ni ya wanyonge. Mkaa na magogo yanayokamatwa yaandikwe, yahesabiwe na kupelekwa mbele ya sheria hadharani, ili isionekane kwamba kukamata ni njia nyingine ya kununua. Kambini, jiko la kikosi litazamwe: kuni zinatoka wapi, zinatumika kiasi gani, na nani aliyezipanda zile zitakazokatwa miaka 10 ijayo? Kambi nyingi zina ardhi. Kikosi chenye nidhamu kinaweza kupanda na kutunza miti yake, na Katiba katika Ibara ya 209 inalitaja jeshi kuwa na kazi ya uzalishaji kwa maendeleo ya taifa. Familia za askari nazo, zinazosali pamoja na raia, zisitengwe na makubaliano ya kijiji.

Aidha, zipo hatari mbili za kuepukwa. Ya kwanza ni kuchanganya kazi. Katiba, katika Ibara ya 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya serikali. Askari halindi mti kwa kuwa ni mti wa Waislamu au wa Wakristo, wala hatumwi na askofu au kadhi. Analinda mti kwa sheria. Viongozi wa dini wanaitayarisha mioyo. Sheria inashughulika na yule aliyekataa kutayarishwa. Kila upande ukikaa katika kazi yake, zote mbili hupata nguvu.

Hatari ya pili ni kusahau umaskini. Mchomaji mkaa wa kijijini mara nyingi ni kijana asiye na kazi au mzazi anayetafuta karo. Mahubiri hayaivishi chakula, na marufuku hayalipi ada ya shule. Mtu akiambiwa aache mkaa bila kuonyeshwa njia nyingine, atauacha mchana na kuurudia usiku. Ndiyo maana ufugaji wa nyuki, mafuta ya shea, bustani za miche na mashamba ya kuni yanatajwa pamoja na makatazo. Nyuki hukaa penye miti. Anayeuza asali ana sababu yake mwenyewe ya kumzuia mwenye shoka, hata kama hajawahi kusikia Ibara yoyote ya Katiba.

Ni wazi kwamba kazi hii haitamalizika katika msimu mmoja. Mti wa shea unaochipua leo kando ya njia ya Koboko utaanza kuzaa vyema wakati mwanajeshi kijana wa leo amekwisha kuwa sajini mkongwe au amestaafu na kurudi kwao. Kati ya leo na siku hiyo, mti huo utapitiwa na mbuzi, na moto, na njaa, na mfanyabiashara mwenye fedha taslimu, na zaidi ya mara moja utapitiwa na mtu mwenye bunduki aliye mbali na afande wake, usiku, bila shahidi. Sheria haitakuwapo pale wakati huo. Kitakachokuwapo ni alichofundishwa mtu huyo nyumbani, msikitini, kanisani na katika gwaride, na kama mafundisho hayo yote yalikuwa yakisema neno moja.